Kabla ya Kulipa Ada, Pima Kwanza Mlango wa Bweni

Fomu ya kujiunga na shule huja na orodha ndefu: rimu ya karatasi, fagio la chelewa, ndoo yenye mfuniko, jembe na mpini wake, godoro la futi mbili na nusu. Mzazi huzunguka Kariakoo nzima akitafuta soksi za rangi iliyotajwa, maana bila soksi hizo mtoto hapokelewi. Je, na wewe una orodha ya kuipa shule? Wengi wetu huuliza mambo matatu tu: ada kiasi gani, ufaulu ukoje, na chakula cha mchana kipo? Majibu yakituridhisha, tunakwenda benki na kurudi na risiti.

Hapa chini kuna mambo 12 ya kuuliza, kukagua na kuzungumza, kabla ya risiti hiyo na baada yake. Nimemfikiria zaidi mzazi wa Tanzania, ingawa mzazi wa Mombasa au Nakuru atajikuta humo. Shika hili moja kwa yote 12: mwalimu mkuu anayekasirika ukimuuliza kuhusu usalama wa watoto ameshakujibu.

1. Omba kwenda chooni

Siku ya kutembelea shule utapelekwa kwenye chumba cha kompyuta, utaoneshwa vikombe vya UMITASHUMTA na picha za waliopata daraja la kwanza. Shukuru, kisha omba kwenda chooni. Choo cha wanafunzi, si kile cha walimu chenye sabuni na kitambaa.

Hapo hesabu. Kiwango kinachotumika nchini ni tundu 1 kwa wasichana 20 na tundu 1 kwa wavulana 25. Shule nyingi za serikali haziwezi kufika hapo, na si kosa la mwalimu mkuu peke yake, lakini jua idadi. Tazama kama milango ipo, na kama ina komeo kwa ndani. Tazama sakafu ya choo cha shimo kama ina nyufa, na kama tundu la watoto wa awali limetengenezwa kwa kimo chao au ni lile lile la darasa la saba. Kisha angalia choo kiko wapi. Choo kilichojificha nyuma ya shamba la mahindi, mbali na macho ya mwalimu yeyote, ndipo wakubwa wanapowanyang'anya wadogo hela ya mihogo, na ndipo mambo mabaya zaidi ya hayo hutokea. Mtoto anayerudi nyumbani kila siku akikimbilia chooni anakwambia kitu kuhusu choo cha shule. Msikilize.

2. Pima mlango wa bweni

Beba futi kamba. Sitanii.

Juni 1994, katika Sekondari ya Shauritanga, Rombo, wasichana wapatao 40 waliteketea bwenini usiku. Agosti 2009, Sekondari ya Idodi, Iringa, wakafa 12. Septemba 2020 bweni la shule ya msingi liliungua Kyerwa, Kagera, na watoto wasiopungua 10 hawakutoka. Jirani zetu Kenya walizika wavulana 67 wa Kyanguli, Machakos, mwaka 2001, na wengine 21 wa Endarasha, Nyeri, Septemba 2024. Vyanzo vya moto wa mabweni vinajulikana: hitilafu ya umeme, mshumaa wa kujisomea, chaja ya simu iliyofichwa chini ya godoro, na mara nyingine kiberiti cha mwanafunzi mwenyewe. Chanzo huamua kama bweni litaungua. Idadi ya majeneza huamuliwa na mlango.

Kule Kyanguli mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli, na madirisha yalikuwa na nondo. Mwaka 2008 Kenya ikatoa mwongozo wa usalama shuleni unaotaja vipimo kabisa: mlango wa bweni uwe na upana wa futi 5 angalau, ufunguke kwa nje, usifungwe kutoka nje watoto wakiwa ndani, madirisha yasiwe na nondo, kati ya kitanda na kitanda kuwe na mita 1.2. Mwongozo mzuri. Endarasha iliungua miaka 16 baadaye, na ndiyo maana nasema beba futi kamba mwenyewe.

Wajenzi wetu wanapojenga bweni humfikiria mwizi, hasa bweni la wasichana. Hofu hiyo ina msingi, lakini dirisha lililofungwa kwa nondo dhidi ya mwizi limemfungia mtoto pia. Kwa hiyo uliza: milango mingapi? Usiku ufunguo unakaa na nani, naye analala wapi? Matroni yupo jengo hilo hilo au nyumbani kwake ng'ambo ya uwanja? Kuna kizima moto, na kilikaguliwa lini? Mara ya mwisho watoto kufanyishwa zoezi la kutoka gizani ilikuwa lini? Swali hilo la mwisho huleta ukimya mrefu ofisini. Vumilia, subiri jibu.

3. Mtoto wa darasa la pili alale kwake

Mwaka 2023 Wizara ya Elimu ilitoa waraka wa kuzuia huduma ya bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne. Wapo wazazi waliolalamika, nami nawaelewa wenye kazi za zamu na safari. Lakini mtoto wa miaka saba hajui kueleza alichofanyiwa usiku na kaka wa darasa la saba, na simu ya kukupigia hana. Ukiambiwa "sisi tuna kibali", omba kukiona kibali chenyewe, chenye tarehe na muhuri.

4. Nani anashushwa wa mwisho?

Tarehe 6 Mei 2017 basi la Shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia korongoni Karatu, watoto wakielekea kufanya mtihani wa ujirani mwema. Walifariki wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Tangu siku ile mzazi wa Arusha haulizi tena "gari lipo?" akaishia hapo.

Uliza gari lina viti vingapi, kisha simama kituoni asubuhi uhesabu vichwa. Noah iliyotengenezwa kwa watu saba ikishuka na watoto kumi na wanane waliopakatana, hiyo si huduma ya usafiri. Tazama tairi, tazama mikanda, tazama kama dereva anaongea na simu. Muulize leseni yake kwa adabu. Dereva mzuri huitoa kwa majivuno. Uliza pia watoto wanachukuliwa saa ngapi. Mtoto anayeamka saa kumi alfajiri kila siku ili azungushwe mji mzima, analala darasani, na ada yote hiyo inakwenda bure.

Kuna swali jingine ambalo wachache huuliza: mtoto gani anashushwa wa mwisho, na wakati huo ndani ya gari kuna nani? Jibu likiwa ni "yeye na dereva tu", ratiba ibadilishwe. Msimamizi, ama matroni wa gari, abaki mpaka mtoto wa mwisho aingie getini kwao. Hili ni la kukubaliana kwa maandishi, maana kwa mdomo hudumu wiki mbili.

5. Mtoto asidaiwe na bodaboda

Kwanza mshikaki: watoto watatu na dereva, hakuna kofia hata moja, mdogo amekalia tenki la mafuta. Kila mtu anajua hatari yake na kila asubuhi tunaiona. Ukilazimika kutumia bodaboda, mchague dereva mmoja wa kijiwe kinachojulikana, mwenye namba yake kwako na kwa mwenyekiti wa kijiwe, apakie watoto wako tu.

Lakini hatari kubwa ya safari za shule haina ajali ndani yake. Makondakta wa daladala hawampendi mwanafunzi kwa sababu nauli yake ni ndogo. Humwacha kituoni, mabasi manne, matano, mpaka jua linazama. Hapo ndipo anatokea kijana mwenye pikipiki: "Panda nikusogeze, utanilipa siku nyingine." Siku nyingine inakuja na chipsi, kisha vocha, kisha simu ndogo. Binti wa kidato cha pili hajui lini lifti imegeuka deni.

Dawa yake ni hela. Kama unaweza, mwekee nauli ya mtu mzima ya akiba, iliyofichwa kwenye daftari, ya kutumia siku anapoachwa. Mwambie waziwazi ni ya kazi gani, na kwamba akiitumia hutamgombeza. Na mwambie kuwa kama anadaiwa na mtu yeyote, shilingi mia mbili au elfu kumi, utalipa wewe, siku hiyo hiyo, bila maswali mengi. Maswali yaje baadaye.

6. Majina mawili getini

Shule iwe na majina mawili tu ya wanaoruhusiwa kumchukua mtoto wako, na namba za simu. Mlinzi awe na nakala, si mwalimu peke yake. Akija mwingine, hata akiwa mjomba wa kweli mwenye pipi mkononi, wapige simu kwanza. Nyumbani kubalianeni neno la siri. Asiyelijua haondoki na mtoto. Watoto wanalipenda sana hili, hulichukulia kama mchezo wa kijasusi.

7. Anza mazungumzo mapema, tena na wavulana

Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulionesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Rudia kidogo hiyo ya wavulana. Katika darasa la wavulana 42, ni sita. Tunawakanya mabinti mpaka wanachoka, huku kaka zao hatuwaambii neno.

Zamani pwani mwali alikuwa na somo wake, bara kulikuwa na shangazi na bibi, na mambo ya mwili yalikuwa na mtu wa kuyasema. Shida ni kwamba mafunzo yale yalikuja mtoto alipovunja ungo au alipotahiriwa. Leo mtoto wa miaka minne anapanda gari la shule. Muanze sasa: ajue majina ya viungo vyake vyote bila kucheka wala kuona aibu, ajue sehemu zinazofunikwa na chupi haziguswi na mwingine isipokuwa anapoogeshwa nyumbani au anapotibiwa wewe ukiwepo. Ajue kuwa siri ya zawadi ya mama inaruhusiwa, na siri inayomfanya aogope haifichwi.

Usihubiri. Ongea mkimenya viazi au mkisubiri daladala. Na mfundishe kuwa mtendaji anaweza kuwa mtu mzuri: jirani anayechekesha, binamu aliyekuja kusoma, mwalimu anayependwa na darasa zima. Picha ya jitu la kutisha gizani imetuponza sana, maana mtoto anamsubiri jitu na jitu haji.

8. Shikamoo ibaki, "hapana" iongezwe

Heshima kwa wakubwa ni mali yetu, na sina mpango wa kuiuza. Ila tumewalea watoto wetu waamini kuwa mtu mzima hakataliwi. Mwalimu akisema "nipelekee haya madaftari nyumbani kwangu", mtoto huondoka mbio, tena kwa fahari kwamba amechaguliwa yeye. Kuchota maji kwa mwalimu, kuosha vyombo kwa mwalimu, kumpikia mwalimu ambaye hajaoa: haya bado yapo, na kesi nyingi zilianzia hapo.

Mfundishe sentensi tatu. "Shikamoo mwalimu, naomba niende na mwenzangu." "Mama amesema nisiingie ndani, nitaacha mlangoni." "Naomba nimwambie mwalimu wa zamu kwanza." Ni za adabu kabisa, na mwalimu mwenye nia njema hazimkwazi. Fanyeni mazoezi nyumbani, wewe ukiwa mwalimu, kwa sauti nzito. Tuisheni nayo iwe sehemu ya wazi, watoto wawe wengi, mlango usifungwe, na muda wa kumaliza ujulikane. Tuisheni ya mtoto mmoja, chumbani, saa moja usiku, ikatae hata kama ni ya bure. Hasa kama ni ya bure.

9. Omba kuona daftari la viboko

Tanzania Bara viboko shuleni bado ni halali, tofauti na Kenya iliyovipiga marufuku mwaka 2001. Lakini halali yake ina mipaka ambayo wazazi wengi hawaijui. Kwa kanuni, viboko havizidi 4. Hutolewa na mwalimu mkuu, au mwalimu aliyepewa idhini na mkuu kwa maandishi. Msichana huchapwa na mwalimu wa kike, pale walimu wa kike wanapokuwepo. Na kila adhabu huandikwa kwenye daftari: jina, kosa, idadi.

Kwa hiyo mwalimu anayepita kati ya madawati na bomba la maji akigonga vichwa, kwa sababu darasa zima limekosa hesabu ya saba, anavunja kanuni kwa namna nne kwa mpigo. Agosti 2018 mwanafunzi wa darasa la tano alifariki Bukoba baada ya kuchapwa, na mwalimu akashtakiwa kwa mauaji. Chanzo kilikuwa tuhuma ya pochi iliyopotea.

Binafsi naona fimbo haina kazi darasani, na siku moja na sisi tutaiacha. Wakati tunasubiri, omba kuona daftari. Na acha ile kauli ya getini ya "mwalimu, huyu mchape tu, nimekuruhusu". Huna mamlaka ya kuruhusu hilo, na mtoto amesikia.

10. Tumbo la Jumatatu

Mtoto anayeumwa tumbo kila Jumatatu na kupona Jumamosi, mtoto aliyeacha kukojoa kitandani akaanza tena, anayerudi bila kalamu kila siku, anayekataa gari la shule alilokuwa analipenda, mwenye hela usiyoijua: usianze na malaria wala mashetani. Anza na swali. Na usiulize "nani amekufanya nini?" Uliza: "Leo mapumziko ulikaa na nani? Ni sehemu gani shuleni huipendi?" Mtoto atakuelekeza taratibu.

11. Usalama utoke kwenye "mengineyo"

Kila kikao cha wazazi kina ajenda: kufungua kikao, taaluma, michango, mengineyo. Usalama wa watoto huingia kwenye mengineyo, saa nane mchana, watu wakiwa wameshasimama. Andikia kamati ya shule, au bodi kwa sekondari, uombe uwe ajenda namba mbili. Uliza kama shule imeunda Dawati la Ulinzi na Usalama wa Mtoto, na mwalimu wa malezi ni nani. Kisha waulize watoto wenyewe kama wanamjua huyo mwalimu. Kama jina lake liko kwenye faili tu, dawati halipo.

Pendekeza pia sanduku la maoni lenye kufuli, ufunguo ukae na mzazi mmoja na mwalimu mmoja. Ufunguo ukikaa kwa mwalimu mkuu peke yake, ndani utakuta karatasi za pipi.

12. Likitokea, usimwogeshe

Huu ni ushauri mgumu kwa mama yeyote, maana mkono wa kwanza unakimbilia maji. Mtoto akikueleza amefanyiwa ukatili wa kingono, mwambie unamwamini na hana kosa. Usimwogeshe, usifue nguo. Zifungie kwenye karatasi au khanga safi, si kwenye mfuko wa plastiki. Mpeleke hospitali haraka, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi. Polisi nenda Dawati la Jinsia na Watoto, ndiko utakakopewa fomu ya polisi ya matibabu, PF3. Hali ikiwa ya dharura, hospitali kwanza, fomu ifuate. Baadhi ya hospitali zina Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambapo daktari, polisi na afisa ustawi wa jamii wapo mahali pamoja, na mtoto harudii kusimulia mara tano.

Watakuja wazee na bahasha. Watasema tuyamalize kifamilia, mwalimu ana watoto, shule itaharibika jina. Wapokee kwa heshima, wapatie chai, uwakatalie. Kubaka mtoto ni kifungo kisichopungua miaka 30, na mwathirika akiwa chini ya miaka 10 ni kifungo cha maisha. Tangu mwaka 2016 kumpa mimba mwanafunzi au kumwoa nako ni miaka 30. Kosa la jinai halifutwi kwa ng'ombe wawili, na aliyesamehewa kwa bahasha huhamia shule ya kata ya pili.

Huduma ya Simu kwa Mtoto ni namba 116, ni bure, na mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Kenya na Uganda nako ni 116 hiyo hiyo. Ihifadhi kwenye simu yako sasa hivi, kisha iandike kwa kalamu ya wino nyuma ya daftari la mwanao.